Bwana Utamaduni na Mtoto wa Jiwe

Jina lake nalijua, lakini sitaliandika. Mtaani kwetu Mazwi kila mtu humwita Bwana Utamaduni, naye akiitwa hivyo hunyoosha shingo kama jogoo aliyesikia jogoo mwingine anawika. Ukimwita kwa jina lake haitiki. Mimi sijawahi kumwita kwa lolote, maana kuongea na watu kwangu ni shida. Humwamkia shikamoo kwa sauti ninayoisikia peke yangu, naye hupita na fimbo yake.

Kazi ndiyo iliyomleta huku kutoka Mbeya. Huko kwao sikujui na sina haja ya kukujua. Ninachokijua ni kazi yenyewe: kuwatembeza wageni kwenye kisiwa cha Bibi yangu, Bibi mzaa mama, kule chini Ziwa Tanganyika. Ni safari ya kutwa nzima, gari linatoka huku Sumbawanga kwenye baridi, linateremka mpaka Kipili kwenye joto, halafu mnapanda boti. Yeye hakiiti kisiwa. Hukiita Kituo. Husimama mbele ya wageni, akaegemea fimbo, akasema:

"Ndugu wageni, Kituoni kwetu mtu anaona vitu vitatu kwa siku moja. Mambo ya kale, wanyama, na ufukwe. Kama mnavyoona."

Wakati huo hawajaona kitu. Bado wako Mazwi, wamesimama kwenye vumbi mbele ya ofisi, wanangoja vijana waje kusukuma gari.

Hiyo "kama mnavyoona" ni ugonjwa wake. Nimemsikia akiisema kwenye ukungu. Nimemsikia akiisema kwa mgeni mzee aliyekuwa amesahau miwani yake Kipili. Siku moja Baba alikwenda kumdai msumeno aliouazima, akajibu kutoka ndani, mlango umefungwa, "Sina nafasi sasa, fundi, kama unavyoona." Baba alicheka njia nzima. Mimi sikucheka, maana tangu watu wa kisiwani wahamishwe hakuna anayekanyaga kule bila idhini ya bwana huyo, na kule kimebaki kitu cha Bibi ambacho Bibi anakitaka mkononi mwake kabla hajafa.

Lakini nianze na fimbo. Ina kichwa cha mviringo na mistari iliyochongwa vizuri, na huwaambia wageni kwamba aliachiwa na mzee wa ukoo wa watawala wa Ufipa, aliyemwekea mkono kichwani akamwambia, "Mwanangu, tunza mambo yetu." Wageni huiomba waiguse. Baba yangu ni seremala. Fimbo ile ni mguu wa kitanda. Kitanda cha Bwana Utamaduni kilivunjika, akakileta kwa Baba, Baba akamwambia mbao imeliwa na wadudu, haifai tena, naye akasema basi angalau nichongee fimbo. Nilikuwepo, nilikuwa nazoa maranda. Kwa hiyo kila nikimsikia akisema "fimbo hii imeona mengi," mimi nakubaliana naye kabisa.

Kwenye mfuko wa shati huchomeka kalamu tatu, mbili hazina wino. Viatu vyake vina chuma kisiginoni, vinalia ko, ko, ko, unamsikia kabla hajakata kona. Ni mtu anayetaka ajulikane kwamba anakuja.

Sasa wanyama. Zamani kisiwani kulikuwa na viboko wengi, Bibi anasema usiku walikuwa wanakohoa karibu na nyumba kama wazee wenye kifua. Mimi sikuwakuta. Nilimkuta mmoja, mzee, sikio lake la kushoto limechanika, anakaa kwenye matete upande wa kusini, hana habari na mtu. Bwana Utamaduni alikuwa anamwambia mwenye boti awazungushe wageni. Wakifika kusini: "Kama mnavyoona, dume." Wanazunguka kisiwa, wanarudi palepale kwa upande mwingine wa matete: "Kama mnavyoona, jike." Wanakwenda kula, wanarudi jioni: "Na huyu ni kijana wao, ndiyo kwanza anakomaa." Mgeni mmoja mwanamke aliuliza, "Ndugu, mbona wote wamechanika sikio?"

"Ndiyo ukoo wao, mama," alijibu bila hata kumeza mate. "Niandikieni hilo."

Na yule mama akaandika.

Ajabu yake ni kwamba mtu huyu wa kisiwa anaogopa maji. Kuogopa kwa kweli, si kwa mzaha. Hukaa katikati ya boti, kiunoni amejivika mpira wa ndani wa gurudumu la gari uliojazwa upepo, juu yake amevaa koti, kwa hiyo anaonekana kama mtu aliyevimba tumbo. Hufumba macho tangu Kipili mpaka chombo kiguse mchanga. Hapo huruka wa kwanza, akauvua mpira nyuma ya mawe, akatokea mbele ya wageni amenyooka, na kuanza kueleza namna watu wa kale walivyolishinda ziwa.

Mchanga nao ni wa kwake. Nilipokuwa mdogo, nikienda kwa Bibi likizo, ule ufukwe ulikuwa mahali pa kuanikia dagaa. Ulikuwa unang'aa kama bati. Alipokuja Bwana Utamaduni akaziba pua kwa leso, akasema wageni hawawezi kusafiri mbali kiasi hiki waje wakanyage dagaa. Dagaa zikahamia juu ya mapaa ya nyumba na juu ya mawe, kunguru wakala nusu. Mchanga ukabaki mtupu, mweupe, hakuna kazi iliyokuwa ikifanyika pale. Ndipo akawa anawaambia wageni kwamba hapo ndipo wazee wetu walipokuwa wakipunga upepo. Bibi aliwahi kuniuliza kwa sauti ya chini, "Mama, kupunga upepo ni kazi gani?" Bibi huniita mama kwa sababu nina jina la mama yake. Nikamwambia ni kukaa tu. Akasema, "Kumbe."

Mwenyewe hajawahi kuvua viatu kwenye mchanga huo.

Mambo ya kale ndiyo yaliyonitia uchungu zaidi. Aliwataka watu wa kisiwani wacheze ngoma, sawa, walikuwa wanacheza hata bila yeye. Lakini hakutaka vitenge, hakutaka mashati, hakutaka magauni. Alileta magunia ya katani, akayakata, akasema wazee walivaa magome ya miti na gunia ndilo linalofanana na gome. Watu walijikuna ngoma nzima. Wageni wakadhani ni mtindo wa kucheza. Bibi alivaa gunia lake juu ya gauni la kanisani, kola nyeupe ikatokeza shingoni, na Bwana Utamaduni alipomwambia, "Mama, ficha kola," Bibi alipiga magoti, akapiga makofi polepole ya heshima, akasema ndiyo baba, na kola akaiacha.

Halafu kuna lile tanuri. Huku juu kwetu, ukienda njia ya Mwazye, yako matanuri ya kweli ya kuyeyushia chuma, marefu kuliko mtu, yamesimama kwenye mashamba ya ulezi kama vichuguu, ng'ombe wanajikuna hapo. Yeye hajawahi kuwapeleka wageni kule. Hakuna ufukwe kule, na mvua ikinyesha gari linakwama. Badala yake aliwaita vijana, wakamjengea tanuri la udongo kisiwani, ambako hakuna mtu aliyewahi kuyeyusha chuma, wakalipaka masizi ya jikoni. "Kama mnavyoona, moto wake ulizimika zamani sana." Masizi yalikuwa yanashika vidole vya wageni.

Mtu atauliza kwa nini watu wazima walikubali kujikuna ndani ya magunia kwa ajili ya mguu wa kitanda. Nami niliuliza. Walikubali kwa sababu ya ahadi. Zilikuwa zimeanza habari za kuhamia vijiji vya ujamaa, watu waliokaa mbalimbali waje pamoja penye shule na zahanati, na wa kisiwani walijua siku yao itafika. Bwana Utamaduni aliwakusanya, nilikuwepo, nilikaa miguuni kwa Bibi. Alisema, "Ninyi msiwe na wasiwasi. Kisiwa hiki ni utamaduni. Utamaduni hauhamishwi." Mzee mmoja akamwuliza, "Tukushike neno?" Akasema, "Nishikeni hata koo." Watu wakacheka, wakapumua. Kesho yake wakavaa magunia kwa moyo.

Basi siku moja akaja mkubwa wake, mtu mnene mwenye adabu, akatembezwa, akaonyeshwa kiboko mara tatu, akakaa kivulini kunywa maji. Mimi nilishika jagi. Bibi alikuwa nyuma yangu na beseni la kunawia. Mkubwa akatazama nyumba zilizoko mlimani akauliza:

"Hivi hawa watu wanaishi hapahapa?"

Bwana Utamaduni aliangalia viatu vya mkubwa. Angesema ndiyo, angeulizwa ni nani aliyewaruhusu kubaki.

"Hapana, Ndugu. Wanakuja kwa ajili ya ngoma tu. Jioni wanarudi ng'ambo."

"Na zile nyumba?"

"Za maonyesho hizo, Ndugu. Kama unavyoona."

Nilimtazama Bibi. Alikuwa amepiga magoti, ameshika beseni, maji hayakutikisika.

Haukupita muda mrefu boti zilikuja. Waliokuja kuhakikisha kisiwa ni kitupu walishangaa kukuta watu, maana waliambiwa hakuna wakaaji, kwa hiyo boti zilikuwa chache na mambo yakawa ya haraka: nguo na sufuria tu, vitu vizito vitafuatwa baadaye. Bibi alikuwa na jiwe lake la kusagia. Jiwe la namna hiyo ni mawili: lile pana la chini tunaliita mama, na lile dogo unaloshika kwa mikono miwili kusagia tunaliita mtoto. Mama haondoki, huyo anazikwa ardhini. Lakini mtoto wa jiwe Bibi alipewa na mama yake mkononi, naye alipewa na mama yake, akaja naye kisiwani siku aliyoolewa, amemfunga kwenye kanga. Mama yangu angepewa yeye, ila alitangulia. Kwa hiyo ni zamu yangu. Kwetu hulipati jiwe hilo kwa kuliokota baada ya msiba. Unapewa na mkono ulio hai, au hukupewa.

Bibi alilibeba mpaka kwenye boti. Wakamwambia, "Mama, kizito hicho, weka, tutakifuata." Akalirudisha nyumbani, akaliweka juu ya mama yake, akashuka.

Tangu hapo anaishi nasi Mazwi, anavaa sweta mbili, na unga wa mashine hautaki, anasema unanuka dizeli. Kila mara akikohoa namwona Baba anamtazama na mimi namtazama. Na Bwana Utamaduni ni jirani yetu! Njia yake ya ofisini inapita mlangoni kwetu. Kila asubuhi, ko, ko, ko. Bibi akimwona hupiga magoti kwenye udongo wa baridi, akapiga makofi yale ya Kifipa, taratibu, mpaka yeye amalize kuitikia. Naye hapunguzi. Anasimama kabisa ayapokee, mkono kwenye fimbo, kichwa kimeinama kama anapigwa picha. Nilimwuliza Bibi kwa nini anamheshimu mtu yule. Akasema, "Salamu si yake, mama. Salamu ni yangu." Sikuelewa. Nilikasirika tu.

Baba alimwomba jiwe kwa heshima zote.

"Nitalileta safari ijayo, fundi. Jiwe ni kitu gani bwana!"

Safari ijayo ikafika. "Boti ilijaa wageni." Iliyofuata, "Ilikuwa mvua." Nyingine, "Nilisahau, fundi, nina mambo mengi kichwani." Alisahau jiwe, lakini hakusahau kurudi na samaki wa kwake, migebuka mikavu, tulisikia harufu yake ikikaangwa. Mara ya mwisho Baba alipouliza, alijibu kwa ukali kidogo: "Vitu vilivyoko Kituoni sasa ni vya Kituo. Siwezi kutoatoa ovyo." Baba alirudi, akapiga randa ubao uleule mpaka ukawa mwembamba haufai.

Niseme na hili, maana nimejiwekea sharti la kusema ukweli kwenye daftari hili hata ukiniudhi. Mtu huyu anajua kuimba. Jumapili akifua mashati yake uani huimba nyimbo za kisiwani, zile za wanawake wakati wa kusaga, kwa Kifipa safi, hakosei hata ubeti, mimi mwenyewe nakosea. Sauti yake ni nzuri. Bibi husimamisha anachofanya akasikiliza mpaka mwisho. Siku moja alimsahihisha neno moja kupitia ukutani, naye akajibu "Asante, mama," akarudia vizuri. Nimelifikiria sana jambo hilo. Nimeona linamzidishia aibu. Angekuwa hajui, tungesema hajui.

Muhula huu, shuleni, mwalimu wetu wa Historia alitangaza kwamba sisi wa kidato cha tatu tutakwenda ziara Kituoni. Darasa lilipiga kelele. Nilipomwambia Bibi aliacha kuchambua maharage.

"Utafika nyumbani?"

"Nadhani, Bibi."

"Niletee mtoto. Mama yake mwache, amelala."

"Na Bwana Utamaduni akikataa?"

Bibi alinitazama kama mtu anayepima mtungi kama utabeba maji. "Utamwambia," alisema, akaendelea na maharage.

Kumwambia! Mimi ambaye nikiulizwa swali darasani Yustina, anayekaa nami dawati moja, ndiye hujibu kwa niaba yangu.

Tulikwenda. Kwenye boti alikaa katikati na tumbo lake la mpira, Yustina akaninong'oneza, "Mimba ya miezi mingapi ile?" nikajing'ata mkono nisicheke. Kiboko hatukumwona. Bwana Utamaduni alionyesha jiwe jeusi kwenye maji akasema kama mnavyoona, na wenzangu wakaandika. Tanuri nalo halikuwepo. Mvua ya mwaka jana ilikuwa imeliyeyusha, limebaki tuta la udongo na mbuzi aliyeachwa siku ya kuhama amelala juu yake. Hapo nilimwona akibabaika mara ya kwanza katika maisha yangu. Alilitazama tuta. Alimtazama mwalimu. Kisha akageuka na fimbo, akapanda kilima kwa haraka, sisi nyuma, na nikajua anakwenda wapi kabla hajafika, maana ile njia naijua kwa nyayo.

Nyumba ya Bibi haina paa tena. Kuta zimebaki mpaka kiunoni, majani yameota jikoni. Mhimili wa mlango umesimama. Bwana Utamaduni alipiga fimbo chini.

"Ndugu wanafunzi. Haya ni magofu ya watu wa kale sana. Umri wake haujulikani."

Mwalimu akavua kofia.

"Walikuwa watu wafupi," akaendelea, "tazameni mlango. Na hapa kwenye mhimili mnaona mikato hii, mmoja juu ya mwingine? Hiyo ni kalenda yao. Kila mkato ni msimu wa mvua. Niandikieni hilo."

Kalamu zikaanza kukwaruza. Mikato ile ni mimi. Kila likizo Bibi alinisimamisha pale, akaniwekea kisu juu ya kichwa, akakata, akasema, "Umeongezeka, mama." Mkato wa juu kabisa sasa unanifika kifuani. Yustina alinitazama usoni, akaacha kuandika.

"Na hili," Bwana Utamaduni aligusa kwa fimbo, "ni jiwe la kusagia la mkuu wao, mwanamke. Tangu alipoliweka, hakuna mkono uliolishika."

Mtoto wa jiwe alikuwa vilevile Bibi alivyomwacha, amelala juu ya mama yake, amefunikwa majani makavu. Nilisogea. Sijui miguu ilipata wapi ruhusa. Nilipiga magoti, nikapangusa majani, nikamshika kwa mikono miwili. Alikuwa na joto la jua.

"Wewe msichana! Weka chini! Hiyo ni mali ya Taifa!"

Nilisikia sauti yangu ikitoka, nyembamba, kama ya mtu mwingine.

"Ni ya Bibi."

"Bibi gani?"

"Jirani yako. Yule anayekupigia magoti kila asubuhi."

Mtu fulani nyuma alicheka, akaacha. Bwana Utamaduni alinitazama, na niliona kwamba amenitambua, na niliona pia kwamba ameitambua nyumba, kwamba alikuwa anajua muda wote ni ya nani. Enzi za ngoma Bibi alimpikia samaki, kuhe wa ziwani, akala pale, kwenye lile jiko. Alilamba vidole pale. Nilidhani atasema kitu. Nilidhani hata atanipiga.

Alimeza mate. Kisha akanyoosha shingo, akaligeukia darasa.

"Kama mnavyoona," akasema, "mpaka leo kizazi cha watu hao huja kuchukua mawe yao. Utamaduni unaendelea. Niandikieni hilo."

Wakaandika. Wote isipokuwa Yustina wakaandika.

Kurudi, ziwa lilichafuka. Nilikuwa nimempakata mtoto wa jiwe ndani ya kanga. Bwana Utamaduni alikaa karibu nami, macho ameyafumba, na wimbi la kwanza lilipopiga alinishika mkono kwa nguvu, hakuuachia mpaka Kipili. Kiganja chake kilikuwa kimelowa kama cha mtoto mwenye homa. Midomo ilikuwa inaimba kimya, nikaisoma, ni wimbo wa kusaga. Sikumwonea huruma. Nilimwacha ashike mkono, basi, maana mwingine ulitosha kwa jiwe.

Bibi alimpokea mtoto kwa mikono miwili. Alimwosha, akamnusa, akamlaza mapajani. Baba alikuwa ameshachonga jiwe pana la chini kutoka machimbo, si zuri, lakini linakaa. Nikadhani atanikabidhi usiku ule, mbele ya Baba, mambo yaishe. Hakunikabidhi. Aliniambia nilale.

Asubuhi niliamshwa na mlio ambao nilikuwa sijausikia tangu kisiwani. Bibi alikuwa mlangoni, kwenye baridi, sweta mbili, anasaga ulezi. Ko, ko, ko, akaja, na siku hiyo alikuwa na wageni wawili, wamevaa vizuri. Akasimama mahali pake pa kila siku. Akaegemea fimbo, akainamisha kichwa, akangoja.

Kwetu mwanamke aliyeshika jiwe hapigi makofi. Mikono ina unga, na kazi ya chakula haikatizwi; anayepita anasalimu kwa kichwa na kupita, hangoji. Kila Mfipa anajua, na huyu anayeimba nyimbo za kusaga bila kukosea anajua kuliko wengi. Bibi hakuinua uso. Ulezi ulipokaribia kwisha kwenye jiwe, nilimwona Bwana Utamaduni anajiweka sawa. Bibi akachota konzi nyingine, akamwaga, akaendelea.

Wageni walimtazama mwenyeji wao.

"Hii," alisema, "hii ni heshima kubwa sana. Kama mnavyoona."

Akangoja konzi nyingine tena. Halafu wakaenda, na viatu vyake vilikuwa vinalia taratibu kuliko vilivyokuja.

Hiyo ilikuwa Jumatatu, na leo ni Ijumaa. Amepita kila siku, na kila siku akikata kona Bibi anavuta jiwe. Nyumba imejaa unga wa ulezi, tunakula uji mpaka tumechoka. Leo jioni nilijipa moyo, nikamwuliza Bibi atanipa lini mtoto wa jiwe.

"Nitakupa, mama," alisema, akipangusa unga mikononi. "Ngoja kwanza. Asubuhi nina kazi naye."